Shule ya msingi iko ndani ya uwanja wa parokia: nani aliijenga, na ni mali ya nani?

#1 Kihamba_Kimoja
Wakuu, salaam. Parokia yetu huku mlimani Kilimanjaro inajiandaa na jubilei, na paroko amenitwika kuandika kurasa mbili za historia ya shule kwa ajili ya kijitabu. Nikajua ni kazi ya jioni moja. Kumbe kila mzee ninayemwendea ananipa shule nyingine kabisa.

Mazingira yenyewe: kanisa, nyumba ya mapadre, zahanati ya masista na shule ya msingi vyote viko kwenye uwanja mmoja, hakuna uzio. Madarasa ya zamani ni ya mawe ya kuchonga, bati lake ni lile nene ambalo msumari wa leo unapinda ukilipiga. Ila ubao wa pale barabarani unasema Halmashauri ya Wilaya. Jiwe la msingi lipo, lakini kila ugeni mkubwa ukija linapigwa rangi, rangi juu ya rangi, hadi maandishi yamezama. Nimekwangua kwa wembe nikapata msalaba na nusu ya herufi, mwalimu wa zamu akanifukuza.

Katekista mstaafu anasema mapadre walijenga kwa fedha ya Ulaya na Serikali ikapora. Mwalimu mkuu mstaafu anasema mapadre walileta sala, madarasa ni ya ushuru wa kahawa. Bibi mmoja wa ukoo wa jirani akawasikia wote wawili akasonya: "Mawe yalitoka mtoni juu ya vichwa vyetu. Hao wote walikuwa wamekaa."

Nani yuko sahihi?

#2 Ndizi_Mshale
Bibi yuko sahihi. Funga uzi.

#3 Darasa_la_Nane
Usifunge bado. Kijana, jambo la kuchukuliwa shule lina sheria yake: Sheria ya Elimu Namba 50 ya mwaka 1969, iliyoanza kazi 1970. Shule za mashirika zilizokuwa zikipata ruzuku ya Serikali zilihamia Serikalini. Seminari ziliachwa. Ndiyo maana miaka ya sabini na themanini mzazi Mkatoliki aliyetaka mwanawe apigwe msasa alimpeleka seminari ndogo, hata kama mtoto mwenyewe hana mpango wa upadre hata chembe.

Mimi nilikuwa mwanafunzi siku hizo. Tulifungua shule Januari tukiwa tumesikia maneno mengi kwa wazazi, tukakuta mwalimu ni yuleyule na fimbo ni ileile. Padre aliendelea kuja kufundisha dini, ila sasa alisubiri kipindi chake nje kama mgeni. Jina la mtakatifu likaondoka, shule ikaitwa kwa jina la kilima. Watu wazima hawakulia. Walichouliza ni kama mishahara ya walimu itawahi.

#4 MwanaTabora
Mzee #3 heshima yako. Niongezee tu kwamba watu wakisema "1970" vichwani mwao wana sekondari: St. Mary's Tabora, St. Francis College Pugu, Marian College ya Morogoro ambayo ndiyo Kilakala, Umbwe huko huko kwenu. Shule za msingi zina njia yake. Baada ya uhuru mamlaka za wilaya zilikuwa tayari zina mkono mkubwa kwenye elimu ya msingi, na walimu wa misheni na wa Serikali walikuwa wamewekwa kwenye utumishi mmoja. Kwa hiyo inawezekana kabisa shule yako iliporwa kwa karatasi tu, kwa maana hata kabla ya hapo paroko alikuwa amebaki na funguo na kengele.

Na si ajabu. Mwalimu Nyerere mwenyewe alisoma misheni na kufundisha misheni, alijua ndani na nje.

#5 Kokote_Pale
Naomba tusimchomekee Mwalimu shule ambazo hakusoma. Alianza Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Ile ilikuwa shule ya utawala wa wenyeji, si ya misheni. Mwaka 1937 akaenda Tabora, shule ya Serikali. Akabatizwa 1943 akiwa kijana mkubwa tayari. Misheni aliingia kama mwalimu: St. Mary's baada ya Makerere, na Pugu baada ya Edinburgh, mpaka 1955 alipoacha kazi kwa ajili ya TANU. Rais aliyekaa kwenye dawati la Pugu ni Mkapa.

#6 MwanaTabora
Nimesema "kufundisha" pia. Soma sentensi hadi mwisho, mkuu, ndivyo walivyotufundisha hao mapadre.

#7 Ndizi_Mshale
Nimevuta kigoda. Endeleeni.

#8 Songea_Halisi
Niseme la kwetu kusini maana ninyi wa mlimani mkianza mnadhani dini iliteremka na theluji. Wabenediktini walifika Pugu 1888, mwaka uliofuata misheni ikavamiwa wakati wa vita vya Abushiri. Peramiho wakaanza 1898, Ndanda 1906. Majengo yao mtu akiyaona anasema "Ulaya hii". Ila babu yangu alikuwa fundi pale. Tanuri la matofali lilikuwa la wenyeji, mbao zilipasuliwa na wenyeji, na aliyesimama na pimamaji kupimia ukuta alikuwa Bruda mmoja na watu wetu wengi. Kwa hiyo swali "nani aliijenga" lina majibu kulingana na unamaanisha fedha, ramani au mgongo.

Halafu kuna jambo ambalo wote mmeliruka. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia Wamisionari Wajerumani waliondolewa nchini, na vituo vingi vikabaki bila padre wa kudumu. Nani aliendesha shule? Makatekista. Hawa hawamo kwenye jiwe lolote la msingi.

#9 Mpiga_Kengele
Hapo #8 umenigusa. Babu mzaa mama alikuwa mwalimu wa dini katika shule ya kigango, yaani tawi la parokia, zile shule za nyasi zilizotangulia shule za mawe. Asubuhi katekisimu, kusoma na kuhesabu. Mchana anarudi shambani kwake kwa sababu posho yake ilikuwa nguo, chumvi na vijisenti. Hakuwa na cheti. Waingereza walipoanza kutoa ruzuku miaka ya 1920 ikaja na mkaguzi, na mkaguzi anataka mwalimu mwenye cheti, rejista ya mahudhurio, ubao, vyoo. Shule iliyokidhi ikaingia kwenye ruzuku. Ya babu haikukidhi, ikabaki "ya katekisimu" hadi ilipokufa. Watoto wake wakahamishiwa kituoni parokiani, kwa mguu, mabonde mawili.

Nachosema: shule yenu ya mawe huenda ilimeza vishule vya nyasi kadhaa. Kwenye kijitabu msianze na jengo, anzeni na hao.

#10 Darasa_la_Nane
#9 umenena. Na wakati huohuo Kanisa lenyewe liliambiwa liweke uzito kwenye shule. Mwaka 1928 mjumbe wa Papa, Askofu Arthur Hinsley, alikutana na maaskofu Dar es Salaam akawaambia bila kumung'unya kwamba wakishindwa kumudu vyote viwili, bora makanisa yasubiri ili shule ziwe kamili. Paroko wa enzi hizo alikuwa meneja wa shule kwelikweli: anaajiri, anafukuza, anasaini rejista, anajua nani hajalipa ada. Sisi tulimwogopa kuliko polisi.

Mchujo wenyewe mnaujua? Darasa la nne mtihani. Wengi waliishia hapo, wakarudi kwenye kihamba, shamba la ukoo. Waliobaki wakaenda shule ya kati hadi la nane. Mimi ni katika waliofika la nane karibu na mwisho wa la nane lenyewe, ndiyo maana nalitumia kama jina. Vijana wa jukwaa hili wanadhani ni namba ya nyumba.

#11 Ndizi_Mshale
Mzee mimi nilidhani ulirudia rudia.

#12 Ustaadh_wa_Kale
Nimesoma kimya hadi hapa. Naona neno "kuporwa" linatembea bila breki. Kwetu Waislamu hadithi ina upande mwingine. Babu yangu alipelekwa shule ya misheni kwa sababu hakukuwa na nyingine ya kufikika kwa miguu. Nyumbani Yusufu, kwenye rejista Yosefu. Hakubatizwa, ila alikariri Salamu Maria akaijua kuliko wenye nayo, kwa vile asiyejua alibaki kufyeka majani wakati wenzake wanacheza mpira. Alimaliza, akapata kazi ya ukarani, akarudi kuwa Yusufu.

Kwa mtu kama yeye mwaka 1970 ulikuwa mlango kufunguliwa. Na msisahau sheria ile haikuchukua za Wakristo peke yao. Hata za Aga Khan zilikwenda, Tambaza ya Dar ni mfano.

#13 Kihamba_Kimoja
Shukrani nyote. #12 la babu yako limenikaa. Nikiliweka kwenye kijitabu cha jubilei paroko atalikubali?

#14 Ustaadh_wa_Kale
Liweke, usitaje ukoo. Akilikata utajua jubilei ni ya nani.

#15 Wakili_Mtaani
Mnajadili majengo, mimi niulize ardhi. Hati iko wapi?

Sababu ya kuuliza: Wajerumani na baadaye Waingereza walitambua umiliki wa kudumu kwa baadhi ya walowezi na misheni. Mwaka 1963 umiliki huo ulifutwa, ukageuzwa kuwa wa muda maalumu chini ya Serikali, kwa kuwa ardhi yote ya nchi hii ni ya umma na Rais ndiye mdhamini. Kwa hiyo hata kabla ya shule kuchukuliwa, "mali ya misheni" ilikuwa imeshabadilika maana kisheria. Shule nyingi zilizochukuliwa 1970 hazikupimwa viwanja vyake kando na parokia. Matokeo yake ni hayo unayoyaona: jengo la halmashauri juu ya kiwanja chenye hati ya jimbo, au kinyume chake. Siku wote ni wazuri hakuna anayeuliza. Siku mtu anataka kujenga fremu za maduka ndipo faili linafunguliwa.

#16 Mama_Wawili_Moshi
Wakili usiyaite. Kwetu wanagombania kiwanja cha mpira. Shule inasema chake, kwaya inafanyia mazoezi ya maandamano ya Ekaristi, vijana wa kijiji wana timu. Nyasi zimekwisha kabla hata kesi haijaanza.

Na hiyo ya kahawa naomba isidharauliwe. Marehemu baba alikuwa mpima kahawa kwenye chama cha msingi. Miaka ya 1950, enzi za Mangi Mkuu (chifu mkuu) Marealle, Baraza la Wachagga lilikuwa na hazina yake, na kilichoijaza ni kahawa iliyopita KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa. Mkulima akipima gunia, anakatwa. Baba alisema watu walinung'unika kweli, na jibu la wakubwa lilikuwa moja: "Mwanao anasoma wapi?" Kwa hiyo mwalimu mkuu wako ana hoja.

#17 Kokote_Pale
Ana hoja kwa madarasa ya miaka ya hamsini. Lakini kama mawe na bati ni vya zamani kuliko hapo? KNCU yenyewe ilianzishwa 1933. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Kilema 1890, Mangi Fumba akiwapokea, na Kibosho 1893. Kuna miongo minne ya shule kabla ya KNCU kuwepo. Ingawa ukitaka kuwa mchokozi, mibuni yenyewe ya Kilema ililetwa na mapadre haohao. Zungusha unavyotaka, unarudi parokiani.

#18 Mama_Wawili_Moshi
Mibuni walileta mbegu. Aliyepalilia nani?

#19 Ndizi_Mshale
Bibi wa #1 amepata mtetezi.

#20 Mlutheri_Mwema
Hodi. Mmesahau sababu kubwa ya shule nyingi mlimani: sisi. Wamisionari wa Leipzig, Walutheri wa Ujerumani, walipoingia Machame 1893, kila mgongo wa mlima ukawa na mashindano. Padre akisikia mwinjilisti ameanza shule ng'ambo ya korongo, mwezi haupiti na yeye ana shule upande huu. Mangi naye hakuwa mjinga, aliyekuwa na misheni mbili mlangoni alijua kupanga bei. Kwetu bibi yangu alitamka wazi kwamba aliandikishwa kwa Walutheri sababu mwalimu wao alikuwa anagawa vibao vya kuandikia na penseli zake, na Wakatoliki bado walikuwa wanaandika chini kwenye vumbi.

Kwa hiyo kwenye kijitabu andikeni: "Tunawashukuru Walutheri kwa kututia wivu."

#21 Mpiga_Kengele
Hiyo paroko ataikata kabla ya ile ya Yusufu.

#22 Songea_Halisi
Mashindano yapo kila mahali. Lakini #20 maelezo yako yanaeleza wingi, hayaelezi ubora. Kwa nini shule ya parokia ilikuwa na jina kubwa? Mimi nasema bweni na bustani. Mtoto anaamka, anamwagilia, anasoma, analala kwa kengele. Bagamoyo Mapadre wa Roho Mtakatifu walianza hivyo mwaka 1868 na watoto waliokombolewa utumwani: nusu siku darasa, nusu siku shamba na karakana. Mtindo ule ukasambaa.

#23 Darasa_la_Nane
Bustani tuliilima kweli, mboga walikula walimu. Sijui kama huo ni ubora.

Ubora ulitoka kwenye mchujo, tuseme ukweli. Ukichukua watoto wachache, ukawachuja la nne, ukawachuja tena la nane, waliobaki lazima wang'ae. Baada ya Azimio la Musoma la 1974 nchi ikaamua kila mtoto aingie darasa la kwanza, na 1977 ikawa ndio mwaka wa lengo. Shule yenye madarasa ya watoto arobaini ikapokea mara mbili, wengine chini ya mti, na vijana waliomaliza la saba wakapewa mafunzo ya haraka wakawa walimu. Wazee wa parokia wakasema "Serikali imeiua shule". Wanasahau kwamba wajukuu zao wenyewe ndio waliokuwa chini ya ule mti.

#24 MwanaTabora
Naunga mkono nusu. Mchujo ndiyo, lakini mbona seminari na shule mpya za majimbo zilizofunguliwa tangu miaka ya tisini zinaongoza tena? Makubaliano ya 1992 kati ya Serikali na makanisa, yaani TEC (Baraza la Maaskofu Katoliki) na CCT (Jumuiya ya Kikristo), yalirudisha kuaminiana, na tangu hapo Kanisa likajenga upya badala ya kudai vya zamani. Nyingine zimerudishwa kabisa: St. Joseph's Convent ya Dar iliyokuwa Forodhani iko tena kwa jimbo. St. Mary's ya kwetu iliyoitwa Mihayo ni chuo cha Kanisa sasa. Kwa hiyo si mchujo peke yake, ni usimamizi.

#25 Ustaadh_wa_Kale
Na ada? Hizo mpya za majimbo mtoto wa mpalilia kahawa anaingia? Mchujo umehama tu, zamani ulikuwa mtihani, leo ni pochi. Makubaliano ya 1992 nayo yana mjadala wake, upande wetu hatukuitwa mezani. Nayaacha, nisije nikageuza uzi wa watu.

#26 Wakili_Mtaani
Ukiufungua uzi wake nitag.

#27 Kihamba_Kimoja
Wakuu, mrejesho. Paroko alinifungulia kabati la ofisi. Kuna vitabu vya ubatizo, vitabu vya ndoa, na shajara ya misheni, daftari kubwa lenye jalada la kitambaa, mchwa wameonja kona moja. Kurasa za mwanzo ni Kifaransa, mwandiko wa kulala. Mbele huko mapadre wanaoandika Kiingereza wanaanza, hapo nimeweza kusoma.

Nimekuta hivi. Sehemu moja padre analalamika kwamba fedha aliyoahidiwa haijafika na kuta ziko usawa wa madirisha. Kurasa chache mbele anaandika kuwa baraza limekubali kumalizia paa. Halafu, hii nimeipiga picha: kwa siku nyingi mfululizo kuna orodha ya vigango na idadi ya mizigo ya mawe kila kigango kilicholeta, na pembeni kaandika "wanawake" akapigia mstari. Anataja pia mzigo wa chumvi kwa ajili ya wabebaji.

Kuhusu kuchukuliwa shule, ukurasa wa Januari 1970 una sentensi mbili tu. Ya kwanza ni kwamba amekabidhi rejista na funguo kwa ofisa elimu. Ya pili ni kuhusu mvua.

#28 Ndizi_Mshale
BIBI! BIBI! BIBI!

#29 Kokote_Pale
Tulia. "Baraza limekubali kumalizia paa" ni baraza lipi? La parokia au la Wachagga? Hapo ndipo kesi ilipo.

#30 Mama_Wawili_Moshi
La Wachagga. Parokia ingetoa wapi bati lote lile?

#31 Mlutheri_Mwema
Huenda ni baraza la mangi wa eneo, kabla ya Marealle. Ukurasa una mwaka gani? Mamangi walikuwepo hadi 1963, usikimbilie hamsini.

#32 Wakili_Mtaani
Mimi nimeona "rejista na funguo". Hakuandika ardhi. Hakuandika jengo. Kihamba, hiyo picha itunze, na mwambie paroko daftari lisikae tena kwenye kabati lenye mchwa, lipelekwe kwenye kumbukumbu za jimbo.

#33 Mpiga_Kengele
Na zile kurasa za Kifaransa ndizo zenye shule za nyasi. Nina shemeji alisoma kwa masista, Kifaransa anakisoma hadi cha mkono. Zipige mchana, dirishani, ukurasa mmoja mmoja, usiweke kidole gumba juu ya maandishi.

#34 Kihamba_Kimoja
Nitazipiga Jumamosi baada ya jumuiya. Ila mwalimu mkuu mstaafu amesikia kuhusu orodha ya wanawake, anasema mawe yale yalikuwa ya nyumba ya mapadre, si ya shule. Naye bibi amesikia alichosema mwalimu, ameniita nyumbani kesho asubuhi na amesema nije naye.

#35 Ndizi_Mshale
Nenda. Rekodi sauti.